Sura ya Saba: Sahani Imepungua, Kikombe Kimebaki Vilevile

Mwaka wa kwanza baada ya upasuaji wa kupunguza uzito huenda kwa kasi. Nguo zinalegea mwezi hadi mwezi, magoti hayalalamiki tena kwenye ngazi, daktari anapunguza vidonge vya presha. Kisha, kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa ishirini na nne, mizani inasimama. Baada ya hapo huanza kupanda: kilo moja, mbili, nne. Hapo ndipo hofu inapoingia. Hofu huleta aibu, na aibu ndiyo inayomfanya mtu akwepe kliniki wakati ule ule anapoihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Sura hii nimeiandika kwa ajili ya mtu huyo, na jambo ninalotaka alishike ni hili: mara nyingi uzito haurudi kupitia sahani. Sahani inalindwa na upasuaji wenyewe, na ulinzi huo hudumu miaka. Uzito hurudi kupitia kikombe, na kupitia vitu vidogo vilivyo laini vinavyoliwa kati ya mlo na mlo. Kwa hiyo anayetaka kurudi kwenye utaratibu asianze kwa kujinyima chakula. Aanze kwa kutazama anachokunywa na anachodokoa.

Kilo ngapi ni za kawaida?

Kabla ya kujilaumu, jua kwanza kinachowapata watu wengine. Nchini Uswidi, kuanzia mwaka 1987, watafiti waliwafuatilia kwa miaka mingi maelfu ya watu wenye unene uliokithiri, baadhi yao wakiwa wamefanyiwa upasuaji na wengine wakipata matibabu ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliofanyiwa baipasi, aina ya upasuaji nitakayoieleza hapa chini, walipungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza au wa pili. Walipopimwa baada ya miaka 10, upungufu ulikuwa umebaki asilimia 25.

Tuuweke wastani huo kwenye mizani. Mtu aliyeingia chumba cha upasuaji akiwa na kilo 120 alishuka hadi kilo 82 hivi, na miaka kumi baadaye alikuwa na kilo 90. Kilo nane zilirudi, lakini kilo 30 hazikurudi. Katika utafiti huo huo, vifo vilikuwa vichache zaidi upande wa waliofanyiwa upasuaji. Kwa hiyo kilo chache zinazorudi mwaka wa tatu au wa nne si dalili kwamba upasuaji umeshindwa, wala kwamba wewe umeshindwa. Jambo la kuangalia ni kama kupanda huko kunasimama au kunaendelea mwezi baada ya mwezi. Kukiendelea, kuna kitu cha kurekebisha, na mara nyingi kinarekebishika.

Kisu kilibadilisha nini, na kiliacha nini

Upasuaji unaofanywa zaidi ni wa aina mbili. Katika slivu, daktari huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kuacha bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Katika baipasi, hutengenezwa kijifuko kidogo juu ya tumbo, chenye ujazo wa takribani mililita 30, ambao ni vijiko viwili vya mezani, kisha kijifuko hicho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo. Baipasi ilianzishwa na Dk. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Madaktari walikuwa wameshaona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu kubwa ya tumbo hukonda na kubaki hivyo.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba siri yote ni udogo wa tumbo. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani waligundua homoni ya grelini, ambayo hutengenezwa zaidi tumboni na huuambia ubongo kwamba kuna njaa. Slivu huondoa ile sehemu ya tumbo inayoizalisha kwa wingi. Baada ya baipasi, chakula kinapofika upesi kwenye utumbo, homoni za shibe hupanda. Ndiyo maana miezi ya mwanzo mtu haridhiki na chakula kidogo kwa nguvu ya nia peke yake. Njaa yenyewe imepungua.

Baadaye mwili huizoea hali hiyo mpya. Njaa hurudi kidogo kidogo, tumbo hutanuka kiasi, na mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko ule wa zamani hata ukiwa umelala. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo dhambi ya mgonjwa. Ni kazi ya mwili unaojilinda dhidi ya kile unachokiona kuwa ni ukame.

Kuna kitu kimoja ambacho upasuaji haukukigusa tangu mwanzo. Tumbo dogo huzuia chakula kigumu kwa sababu chakula kigumu hukaa, kikajaza nafasi, kikaleta shibe. Kimiminika hakikai. Chai, soda, juisi na uji mwepesi hupita moja kwa moja kwenda utumboni, na dakika chache baadaye tumbo liko tupu tena. Biskuti, krispi na aiskrimu nazo hulainika mdomoni na kuteleza vivyo hivyo. Mtu asiyeweza kumaliza nusu sahani ya wali anaweza kumaliza pakiti nzima ya biskuti kwa chai jioni moja, na asisikie amejaa.

Siku moja mezani

Tumfikirie mama mmoja wa Dar es Salaam, karani wa ofisi, aliyefanyiwa slivu miaka mitatu iliyopita. Saa kumi na mbili asubuhi anakunywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na kumega nusu andazi. Saa nne ofisini, chai nyingine na kitumbua kimoja. Mchana anajaribu nyama, lakini kipande kinamkwama kifuani kama kilivyomkwama juzi, anakwenda kukitema. Tangu hapo nyama anaiacha kwenye sahani. Anakula vijiko vitano vya wali na mchuzi, anasukumia kwa soda ili chakula kishuke. Alasiri anapata chai ya tatu. Jioni watoto wanafungua krispi naye anashiriki, juisi ya embe iko mezani, na kabla ya kulala anakunywa chai ya mwisho kwa sababu tumbo linanguruma.

Sasa tuhesabu. Kikombe cha chai iliyochanganywa nusu maziwa na vijiko vitatu vya sukari kina takribani kilokalori 125, na vinne vinafika 500. Soda ya mililita 300 ina karibu 130. Juisi iliyotiwa sukari na pakiti ya krispi zinaongeza takribani 400. Jumla ni zaidi ya kilokalori 1,000 ambazo hazikupita kwenye sahani. Kwa mwanamke anayeshinda ameketi ofisini, hiyo ni zaidi ya nusu ya nishati anayoihitaji kwa siku nzima. Na protini aliyoipata haifiki nusu ya ile inayomtosha.

Mama huyu anaposema, "Mimi sili kitu lakini nanenepa," hasemi uongo. Kwa hesabu ya sahani, kweli hali kitu. Akimwendea mtaalamu anayemwambia apunguze chakula, atapunguza vile vijiko vitano vya wali, njaa itazidi, na kikombe kitaongezeka. Ushauri huo utakuwa umempeleka mbali zaidi na anakotaka kwenda.

Daktari kwanza

Kabla ya kupanga upya chakula, hakikisha hakuna ugonjwa. Kukwama kwa chakula kila siku, kutapika mara kwa mara, au kiungulia kikali kinachomwamsha mtu usiku kinaweza kuwa dalili ya njia iliyobana, ya kidonda, au ya asidi inayopanda, tatizo ambalo huonekana sana baada ya slivu. Kuna dawa za kisukari, za msongo wa mawazo na za kifafa zinazoongeza uzito. Tezi ya shingo ikifanya kazi polepole, uzito hupanda. Mimba nayo huongeza uzito, na wanawake wengi hushika mimba kwa urahisi zaidi baada ya kupungua. Madaktari hushauri kusubiri kati ya miezi 12 na 18 baada ya upasuaji kabla ya kubeba mimba. Haya yote hupimwa. Hayatibiwi kwa kufunga kula.

Zipo dalili zisizosubiri miadi. Aliyetapika kwa siku kadhaa kisha akaanza kuona vitu viwili viwili, kuyumba anapotembea au kuchanganyikiwa, huenda amepungukiwa na vitamini B1, na ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na anayempeleka aseme wazi kwamba mgonjwa alifanyiwa upasuaji wa tumbo, ili apewe vitamini hiyo kabla ya kutundikiwa dripu ya sukari. Maumivu makali ya tumbo yanayokuja ghafla kwa mtu wa baipasi, au choo cheusi kinachonata, au kutapika damu, nayo ni ya dharura.

Hapa niseme neno juu ya hali yetu. Baadhi ya watu wa Afrika Mashariki waliofanyiwa upasuaji huu walisafiri hadi India, wengine walitibiwa Nairobi au Dar es Salaam katika hospitali walizozifikia kwa taabu. Wengine waliwekewa puto tumboni, huduma ambayo hata Hospitali ya Taifa Muhimbili kule Mloganzila imekuwa ikiitoa. Puto hutolewa baada ya miezi kadhaa na tumbo hubaki na ukubwa wake wa zamani, kwa hiyo haya ya kikombe na kudokoa yanamhusu mwenye puto maradufu. Aliyetibiwa mbali mara nyingi hurudi na karatasi ya vyakula visivyopatikana sokoni kwetu, na daktari wake yuko ng'ambo ya bahari. Tafuta daktari wa karibu akufungulie faili, mpe taarifa zote za upasuaji, na mtafute mtaalamu wa lishe anayeujua ugali na dagaa.

Kupanga upya, mlo kwa mlo

Anza kwa daftari. Kwa siku saba andika kila kinachopita mdomoni, saa kilipopita, na ulikuwa unafanya nini. Usibadilishe chochote wiki hiyo. Andika chai, andika mhogo uliomega ukipita jikoni, andika ukoko wa wali uliokwangua sufuria ikisubiri kuoshwa. Daftari halimhukumu mtu. Kazi yake ni kuonyesha mahali palipo na tundu, na kwa kila mtu tundu liko mahali pake.

Wiki ya pili shughulika na kikombe tu. Sukari ya chai ipungue kijiko kimoja kila baada ya siku chache hadi iishe, kwani ulimi huzoea. Tia tangawizi, iliki au mchaichai ili chai isikose ladha. Soda iondoke kabisa, ile isiyo na sukari pia, kwa sababu gesi hulijaza tumbo dogo na kulitia maumivu. Juisi iwe tunda lenyewe, kipande kidogo, kitafunwe. Maji yanywewe kutwa nzima kidogo kidogo, lakini yasiandamane na chakula: acha kunywa unapoanza kula, na usubiri nusu saa baada ya kumaliza. Anayesukumia chakula kwa maji au soda anaiondoa ile shibe aliyoilipia kwa kisu.

Wiki ya tatu rudisha protini mahali pake, yaani mwanzo wa mlo. Wataalamu wengi huwataka waliofanyiwa upasuaji huu wapate angalau gramu 60 za protini kwa siku. Bila hizo, mwili hula misuli yake, na misuli ikipungua, nishati inayotumika hupungua pia. Gramu 60 zinapatikana katika chakula chetu cha kila siku. Mayai mawili asubuhi yana gramu 12. Kipande cha samaki cha gramu 80 mchana kina karibu 18, na nusu kikombe cha maharage kinaongeza 7. Glasi ya mtindi usiotiwa sukari ina 7. Kuku wa gramu 60 jioni ana takribani 17. Hapo umefika. Dagaa wakavu ni hazina: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na vijiko vichache vya dagaa waliopikwa kwa nyanya vinafanya kazi ya kipande kizuri cha nyama.

Mwenye kukwamwa na nyama asiiache protini, abadilishe upishi. Nyama choma na nyama kavu ndizo zinazokwama zaidi. Nyama ya kusaga yenye rojo, samaki wa kupaka, kuku aliyechemshwa akachambuliwa, choroko na mbaazi zilizoiva vizuri, hizi hupita. Kata vipande vidogo, tafuna hadi chakula kilainike kabisa, weka kijiko chini kati ya tonge na tonge, na mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Desturi yetu ya kula kwa mkono inasaidia hapa, maana vidole hujua ukubwa wa tonge kuliko kijiko. Mboga za majani zifuate protini. Ugali, wali au chapati viwe vya mwisho, kwa nafasi iliyobaki. Ukisikia kifua kimeanza kubana, au mafua ya ghafla, au kwikwi, huo ndio mwisho wa mlo hata kama tonge limo mkononi.

Wiki ya nne weka saa. Milo mitatu, na mmoja mdogo uliopangwa kama unauhitaji, kisha jiko limefungwa. Kudokoa hushinda pale ambapo mlo hauna saa. Mtu aliyeruka kifungua kinywa na kuchelewa kula mchana hufika jioni akiwa na njaa ya siku nzima na tumbo la vijiko vichache, na njia pekee ya kuikidhi njaa ya namna hiyo ni kula kidogo kidogo hadi usiku wa manane.

Jambo la mwendo nitalipitia upesi. Kutembea nusu saa kila siku na kufanya kazi ya kukaza misuli mara mbili tatu kwa wiki, hata kwa kuketi na kuinuka kwenye kiti, hulinda misuli ile ambayo protini inaijenga.

Harusi, msiba na futari

Chakula kwetu ni adabu. Anayekataa sahani ameukataa mkono uliompa, na aliyekonda huulizwa maswali. Katika nchi zilizozika watu wengi kwa UKIMWI, kukonda kwa ghafla bado hunong'onezwa. Wapo waliofanyiwa upasuaji wakaficha hata kwa ndugu, na kwenye shughuli hula kuliko uwezo wao ili midomo inyamaze. Huo ni mzigo wa kweli, na hauondolewi na orodha ya vyakula.

Unaweza kuupunguza kwa kujiandaa. Kula protini yako nyumbani kabla ya kwenda. Chukua sahani mwenyewe kabla hujapakuliwa, anza na kuku au samaki, na uichezee polepole huku ukizungumza. Shangazi akisema, "Mwanangu, mbona huli? Chakula changu hakina chumvi?" mjibu, "Kitamu sana, shangazi, nimeshiba. Nifungie niende nacho." Chakula kilichofungwa kimepokewa, na heshima ya shangazi imebaki palepale. Nyumbani kwako chagua mtu mmoja, mume, mke, dada au mama mzazi, umweleze kila kitu. Siri isiyo na hata msaidizi mmoja humchosha mtu, na mtu aliyechoka hurudi kwenye biskuti.

Ramadhani ina hesabu yake. Wengi wa madaktari hushauri kutofunga mwaka wa kwanza, kwa sababu tumbo dogo haliwezi kupokea maji na protini ya siku nzima katika saa chache za usiku. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Anayeruhusiwa na daktari afunge huku akijua mtihani ulipo, nao upo wakati wa futari. Tende, kaimati, tambi za sukari na uji wenye sukari vikiingia pamoja kwenye tumbo lililokuwa tupu, sukari hukimbilia utumboni, na nusu saa baadaye moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, tumbo linakata, kuhara kunafuata. Hilo huwapata sana watu wa baipasi. Kwa wengine sukari ya damu hushuka vibaya saa moja hadi tatu baada ya kula, nao hutetemeka na kutafuta kitamu tena, na mzunguko unaanza upya. Fungua kwa tende moja na maji kidogo. Swali, kisha kula samaki au maharage kwanza, na mihogo au magimbi kipande. Usiku unywe maji kidogo kidogo, na daku usiiache: mayai na mtindi vitakufikisha mbali kuliko chai na mkate.

Njia za mkato zinazoumiza

Mtu aliyeona mizani imepanda hupewa dawa nyingi na majirani. Ya kwanza ni kurudi kwenye vimiminika vitupu kwa siku tano au zaidi ili tumbo lisinyae. Tumbo halisinyai kwa supu. Uzito unaopungua siku hizo ni maji kwa sehemu kubwa, na hurudi na mlo wa kwanza. Ya pili ni majani na chai za kuharisha, ambazo humkausha maji na madini mtu ambaye tayari ana upungufu wa madini. Ya tatu ni kujitapisha, ambako huharibu meno na umio na kumkaribisha mtu kwenye ugonjwa mwingine.

Sindano za kupunguza hamu ya kula, kama semaglutidi, ni dawa za kweli na madaktari huwapa baadhi ya watu ambao uzito umewarudia baada ya upasuaji. Lakini ni dawa za kuandikiwa na kufuatiliwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutidi bandia iliyokuwa imeingia sokoni katika nchi mbalimbali. Usinunue sindano kwa mtu wa mitandaoni.

Kuna na mazoea mawili ambayo hayaongezi uzito lakini yanaua. Moja ni kununua diklofenaki au ibuprofeni dukani kwa kila maumivu ya mgongo. Dawa za jamii hiyo huchimba vidonda kwenye mshono, hasa baada ya baipasi, na sigara huongeza hatari hiyo. Mweleze mwuza dawa upasuaji wako kila mara na uombe parasetamoli. Zoea la pili ni kuacha vitamini baada ya mwaka mmoja kwa kudhani zilikuwa za kupona kidonda. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D ni za maisha yote, na damu ipimwe angalau mara moja kwa mwaka. Madini ya chuma yasimezwe kwa chai, kwani chai huyazuia kuingia mwilini, na yasimezwe saa ile ile na kalsiamu.

Pombe nayo izungumzwe bila kuficha. Baada ya upasuaji huu, hasa baipasi, pombe hufika kwenye damu haraka na kwa wingi zaidi, na glasi moja hufanya kazi ya mbili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba tatizo la ulevi lilikuwa limeongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji kuliko kabla yake. Wapo waliotulizwa na chakula kwa miaka mingi, chakula kikaondolewa, na uchungu ukabaki unatafuta kitulizo kingine. Ukiona jioni zako haziishi bila kinywaji, au unakula kwa siri hadi unashindwa kujizuia, mwendee mtaalamu wa afya ya akili kama unavyomwendea daktari wa tumbo. Aliyefiwa, aliyeachwa, aliyeelemewa na madeni au kazi, huyo hatosheki kwa mayai na dagaa peke yake. Anahitaji kusikilizwa.

Neno kwako

Kama umeisoma sura hii ukiwa na kilo ulizodhani zimekwenda moja kwa moja, nakuomba ufanye mambo matatu. Leo, chai inayofuata inywe na sukari pungufu ya kijiko kimoja. Kesho, anza daftari la siku saba. Na ndani ya mwezi huu, lipeleke daftari hilo kliniki, hata kama ulikosa miadi kwa miaka miwili, na uombe kupimwa damu. Usisubiri upungue kwanza ndipo uone haya yamekutoka. Kliniki ipo kwa ajili ya waliopanda uzito, nawe una haki ya kukaa kwenye benchi lake kama mgonjwa mwingine yeyote. Upasuaji bado unafanya kazi ndani yako: tumbo lako bado ni dogo na shibe bado inapatikana kwa chakula kidogo. Kilichobaki ni kulipatia tumbo hilo chakula kinachokaa, kwa saa yake, na kukinyima kikombe nafasi kiliyoichukua.